Hati ya Kumkamata Mwana: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mapenzi, Wajibu na Sheria ya Mpakani

Kwa nini kisa hiki

Waandishi chipukizi wa drama fupi hunijia na wazo lilelile mara kwa mara: askari amependa, mpenzi wake ana kaka mhalifu, na sasa askari anatakiwa kwenda kumtia pingu shemeji mtarajiwa. Wazo hilo lina umri mkubwa. Sinema bubu za Marekani, zile za mkanda mmoja zilizodumu kama dakika 10 hadi 15, zililicheza na kulirudia kwa sababu linasimulika bila sauti. Nyota kifuani, bastola kiunoni, mwanamke mlangoni, na mtazamaji ameshaelewa.

Udhaifu wake uko mwishoni. Mara risasi ya mtu mwingine inamuua kaka, mara kaka anatubu, mara askari anageuza uso na kumwacha apite. Njia zote tatu zinamwondolea mhusika mkuu mzigo wa kuamua.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha kweli, cha mwaka 1902, na ndani yake mtu aliamua. Jina la mji na majina ya familia nimeyaondoa. Baba nitamwita Naibu, mwanawe nitamwita Kijana, na mke wa Kijana nitamwita Marehemu, kwa kuwa wasimulizi wa kisa hiki wamemjua kwa kifo chake tu. Hilo nalo nitalijadili.

Usuli

Sehemu ya mashariki ya Oklahoma ya leo iliitwa Indian Territory. Walikaa humo mataifa matano ya wenyeji waliong'olewa kwa nguvu kutoka kusini-mashariki mwa Marekani, wengi wao katika miaka ya 1830: Cherokee, Choctaw, Chickasaw, Creek na Seminole. Mataifa hayo yalikuwa na serikali na mahakama zao, lakini mahakama hizo hazikuwa na mamlaka juu ya mtu asiye raia wake. Mgeni akiiba farasi au akiua, kesi ilikwenda mahakama ya serikali kuu, na kwa miaka mingi mahakama hiyo ilikuwa ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Fort Smith, Arkansas. Wahalifu wa Texas, Kansas na Missouri walilijua pengo hilo, wakalikimbilia.

Mwaka 1875 mahakama ya Fort Smith ilikabidhiwa Jaji Isaac Parker. Alikaa kwenye kiti hicho miaka 21 na kuwahukumu kifo watu 160, ambao 79 kati yao walinyongwa. Idadi hiyo ndiyo iliyompa umaarufu. Waliobeba kazi yenyewe walikuwa manaibu wa mashali, yaani maofisa wanaotekeleza amri za mahakama ya serikali kuu. Walitoka na gari la kukokotwa, mpishi na walinzi, wakazunguka porini wiki kadhaa, wakarudi na mahabusu waliofungwa minyororo.

Manaibu hao hawakuwa na mshahara. Walilipwa ada kwa kila mtu waliyemfikisha na senti chache kwa kila maili. Mtuhumiwa akiuawa, ada imepotea, na gharama za kumzika zingeweza kumwangukia naibu mwenyewe. Sinema zimetuzoesha kuiona sheria ya mpakani kama sheria ya bunduki, kumbe mfumo ulikuwa na sababu ya kifedha ya kumtaka mtu aletwe akiwa hai.

Naibu alizaliwa mtumwa huko Arkansas mwaka 1838. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe alitoroka, akaishi kati ya mataifa ya Indian Territory na kujifunza lugha yao. Ujuzi huo ndio uliomfanya atafutwe baadaye, kwani manaibu wengi wa Kizungu hawakuijua nchi wala wenyeji wake. Hakujua kusoma wala kuandika. Kabla ya safari aliomba asomewe hati za kukamata, moja baada ya nyingine, mpaka azishike kichwani na aweze kutambua kwa kuangalia tu karatasi ipi ni ya nani.

Jambo jingine la kuweka akilini: mwaka 1884 mpishi wa msafara wake aliuawa kwa risasi iliyotoka kwenye bunduki ya Naibu mwenyewe. Alishtakiwa kwa mauaji, akakaa rumande miezi kadhaa, akatumia sehemu kubwa ya akiba yake kulipa mawakili. Alijitetea kuwa bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Kesi ilisikilizwa mwaka 1887 mbele ya Parker, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Kwa hiyo mtu huyu aliijua mahakama kutoka pande zote mbili za kizimba.

Hadi 1902 mengi yalikuwa yamebadilika. Parker alifariki mwaka 1896, mwaka uleule ambao Fort Smith ilipoteza mamlaka yake juu ya Indian Territory. Sheria ya Curtis ya 1898 ilifuta mahakama za mataifa ya wenyeji. Mahakama za serikali kuu zilikuwa sasa ndani ya eneo lenyewe, na Naibu, mwenye umri wa miaka 60 na ushei, alifanya kazi katika mji mmoja wa Taifa la Creek. Kijana na mkewe waliishi mji huohuo.

Yaliyotokea

Ndoa ya Kijana iliingia mgogoro wa wivu. Simulizi zilizohifadhiwa na watu waliomfahamu Naibu zinasema Kijana alimfuata baba yake akamweleza kwamba amemkuta mkewe na mwanamume mwingine, kwamba amesamehe, na akamuuliza yeye angefanya nini. Kwa mujibu wa simulizi hizo, Naibu alijibu kwa ukali: mwanamume angemshughulikia kwa risasi, na mke kwa kipigo.

Juni 1902 Kijana alimpiga mkewe risasi, akafa.

Hati ya kumkamata ilitolewa, na katika ofisi ya mashali ilikosa mtu wa kuichukua. Manaibu walimfahamu mzee, wengine walikuwa wamelala naye porini kwenye misafara. Mashali mwenyewe, inavyosimuliwa, alisitasita kumkabidhi yeyote. Naibu aliingia ofisini na kuiomba. Akaenda, akamkamata mwanawe, akamleta akiwa hai na kumkabidhi kwa mashali.

Hadithi za baadaye huongeza msako wa wiki mbili porini. Ninaiachia hadithi nyongeza hiyo. Kisa kinasimama bila farasi hata mmoja.

Maamuzi na sababu zake

*Mashali kusita.* Kwa haraka mtu ataona ni udhaifu. Mimi naona alikuwa anapima hatari mbili. Akimtuma naibu mwingine, kijana aliyejihami na mwenye hofu anaweza kukataa kukamatwa, na hapo baba atazika mtoto aliyeuawa na mfanyakazi mwenzake. Akimtuma baba, anamweka mahali ambapo hakuna mzazi anayepaswa kuwekwa. Kosa lake ni kwamba aliacha muda upite bila kuamua, na uamuzi ukabaki mikononi mwa mtu aliyeumia kuliko wote ofisini.

*Naibu kuiomba hati.* Hapa ndipo uti wa mgongo wa kisa. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kukaa nyumbani na hakuna ambaye angemlaumu. Kwa nini aliomba?

Sababu inayotajwa daima ni wajibu: sheria haimjui mtoto wa nani. Naikubali, ila naona haitoshi. Naibu alikuwa amewakamata watoto wa watu wengine kwa miaka 27 hivi, na kama mwanawe angepewa njia ya kutokea, kila mama aliyewahi kumlilia langoni angekuwa na haki ya kumrudia na swali. Tena alikuwa mtu Mweusi mwenye mamlaka ya kuwakamata Wazungu, katika nchi ambayo watu wengi walikuwa wanasubiri ateleze. Upendeleo mmoja ungetosha kumwondoa.

Na mapenzi nayo yamo. Naibu ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumrudisha Kijana bila damu nyingine kumwagika. Alijua Kijana angejificha wapi, na Kijana hangeweza kwa urahisi kumlenga baba yake bunduki. Aliomba hati kama ofisa, na papo hapo kama mzazi anayemtaka mwanawe afike mahakamani akipumua. Drama nyingi hupanga mapenzi upande huu na wajibu upande ule, vivutane kama kamba. Humu vyote viwili vilimvuta mtu mmoja kuelekea mlango uleule, na maumivu yake hayakupungua kwa sababu hiyo.

Na kuna ile kesi ya 1887. Mtu aliyewahi kusimama kizimbani akisubiri wazee wa mahakama wamhukumu, kisha akaachiwa, huona kesi kama mahali ambapo maneno ya mtu yatasikilizwa. Bila historia hiyo, kumpeleka mwana mahakamani kungefanana na kumtoa kafara. Kwa Naibu ilikuwa kumpeleka mahali alipopita mwenyewe.

*Mahakama kumfunga maisha.* Kijana hakunyongwa. Mapema mwaka 1903 alipelekwa kutumikia kifungo cha maisha katika gereza la serikali kuu huko Kansas.

Matokeo

Naibu aliendelea na kazi hadi Novemba 1907, Oklahoma ilipokuwa jimbo. Sheria ya kwanza iliyopitishwa na bunge la jimbo hilo jipya ilitenganisha Weusi na Weupe kwenye mabehewa na vituo vya treni, na nafasi ya mtu kama yeye katika utawala wa sheria ikafungwa. Alimalizia kama polisi wa doria mjini, akaugua, akafariki Januari 1910.

Kijana alitumikia miaka 11 kabla adhabu yake kupunguzwa na kuachiwa. Alipotoka, baba yake alikuwa kaburini miaka kadhaa.

Marehemu alibaki marehemu. Masimulizi mengi ya kisa hiki yanamtaja kwa sentensi moja, kisha yanaendelea na uchungu wa baba mkwe.

Kilichofanya kazi

Utaratibu ulifanya kazi. Kulikuwa na hati, ilitekelezwa, mtuhumiwa alifika akiwa hai, akasikilizwa, akahukumiwa. Katika eneo ambalo watu walizoea kulipiza kisasi kwa mikono yao, familia ya Marehemu haikuhitaji kushika bunduki. Hilo si jambo dogo, nami nalisema kwa sababu filamu za mpakani hudharau makaratasi na kuitukuza risasi.

Ukaribu wa mkamataji na mkamatwaji nao ulisaidia, kinyume cha kanuni tunazozijua leo. Idara yoyote ya polisi ya sasa ingemzuia ofisa kugusa kesi ya mwanawe, na ingekuwa sahihi, kwani ofisa wa aina hiyo anaweza kuficha ushahidi au kumtorosha mtu. Kilichookoa hali mwaka 1902 kilikuwa tabia ya mtu mmoja. Mfumo unaotegemea tabia ya mtu mmoja umebahatika, na mwandishi anayetaka kukisimulia kisa hiki kwa haki aionyeshe bahati hiyo pamoja na ushujaa wenyewe.

Kilichoshindikana

Kushindwa kulianza kabla ya Juni. Kama simulizi ya mazungumzo ya baba na mwana ni ya kweli, Kijana alikuja na neno la msamaha mdomoni akaondoka na neno la risasi na kipigo. Siwezi kusema jibu hilo ndilo lililoua. Aliyefyatua bunduki ni Kijana. Lakini mtu aliyejua sheria kuliko wote katika familia hiyo, aliyewaona wauaji wa wake zao wakifungwa minyororo, alizungumza juu ya mke kana kwamba nyumba ya mwanawe ilikuwa nje ya mipaka ya sheria aliyoitumikia. Sheria ilimfikia Marehemu kwa kasi na kwa haki baada ya kufa. Alipokuwa hai, hakuna hati iliyoandikwa kwa ajili yake.

Nalisisitiza hili kwa sababu kisa hiki hupendwa sana, na hupendwa kwa sababu isiyotosha. Tunamlilia baba aliyemkamata mwanawe. Tumlilie. Ila mwanamke aliyeuawa amegeuzwa kuwa kisababishi tu, kitu kinachotakiwa kutokea ili mzee apate nafasi ya kuonyesha uadilifu. Sinema bubu za mkanda mmoja zilikuwa na ugonjwa huohuo. Mwanamke alisimama mlangoni akimwomba mmoja asiende au akimsihi mwingine asiue, na mkanda ukaisha bila sisi kujua alitaka nini yeye.

Kushindwa kwa pili ni kwa wenye sinema. Watu wa kisa hiki walikuwa hai wakati biashara ya sinema ilipochipuka. Mkanda mashuhuri wa wizi wa treni ulitoka mwaka 1903, mwaka uleule Kijana alipopelekwa gerezani, na ulipigwa New Jersey, mbali kabisa na mpaka halisi. Kuanzia 1905 kumbi za senti tano zilienea miji yote. Mwaka 1908 ofisa wa sheria wa Oklahoma aliongoza mkanda wa wizi wa benki, na jambazi wa kweli aliyekwisha tumikia kifungo alicheza ndani yake. Visa vya huko, kwa hiyo, vilikuwa na soko. Kisa cha ofisa Mweusi kilikosa mnunuzi. Julai 1910 bondia Jack Johnson alipompiga Jim Jeffries huko Reno, miji mingi ya Marekani ilipiga marufuku mkanda wa pambano hilo, na mwaka 1912 bunge la nchi likazuia filamu za ngumi kusafirishwa kutoka jimbo hadi jimbo. Katika hali hiyo, mzalishaji gani angethubutu kuonyesha mtu Mweusi mwenye nyota kifuani? Ilibidi kungoja mwanzoni mwa miaka ya 1920, kampuni moja ya Florida ilipokwenda Boley, mji wa Weusi ndani ya Oklahoma, kupiga filamu za mpakani zenye waigizaji Weusi pekee kwa ajili ya kumbi za Weusi.

Kisa hiki kikipigwa bila sauti

Kwa mwandishi anayetaka kukifanya drama fupi isiyo na mazungumzo, mahali pa kukaa ni ofisini, kwenye ile karatasi.

Fikiria onyesho lenyewe. Meza, mashali nyuma yake, manaibu wawili wakiangalia sakafu, hati katikati. Naibu anaingia. Katika sinema bubu ya kawaida, hapa kamera ingekata kwenda kwenye karatasi ijaze kioo ili mtazamaji asome jina. Lakini mhusika wetu hajui kusoma. Mtazamaji anaona maandishi. Naibu anaona wino. Lazima mmoja wa watu walio chumbani amsomee jina la mwanawe, kama alivyosomewa mamia ya majina mengine miaka yote. Nani afungue mdomo? Mashali anaweza kuichukua na kuiweka chini tena. Naibu mmoja anaweza kutoka nje. Dakika nzima ya mkanda inaweza kuishia hapo, na hakuna atakayechoka, kwa kuwa swali liko wazi na haliulizwi.

Kuna uzuri mwingine. Wengi walioingia kumbi za senti tano walikuwa wahamiaji wasioweza kusoma Kiingereza. Walisomeana kwa sauti, na baadhi ya kumbi ziliweka msimulizi kando ya pazia. Aliyekulia kwenye mabanda ya video ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, akamsikia msimulizi akitafsiri filamu ya kigeni papo hapo, anaielewa hali hiyo bila kufundishwa. Onyesho la mtu anayengoja kusomewa karatasi lingemgusa mtazamaji aliyekuwa kwenye hali hiyohiyo pale alipoketi. Kwa hiyo usikijaze kioo kwa hati. Ioneshe kwa mbali, isisomeke, na hapo mtazamaji atamngoja msomaji pamoja na Naibu.

Mkutano wa baba na mwana ufanyike mahali pa kawaida, uani au jikoni kwa jamaa, bila bunduki kuchomolewa. Pingu ziwe na uzito wa kuonekana: ziachwe mezani kwanza, kisha zichukuliwe.

Msako wa wiki mbili ukatwe wote. Ndio utakaokushawishi kuliko kitu kingine, maana farasi na vumbi hupendeza, lakini unakula theluthi ya mkanda na kurudisha kisa kwenye bunduki. Dakika hizo apewe Marehemu, mwanzoni kabisa, kabla hatujamwona mwanamume yeyote: kazi anayoifanya, mtu anayecheka naye, kitu anachokitaka ambacho hakimhusu mumewe wala baba mkwe wake. Dakika tatu zinatosha. Na yale mazungumzo ya baba na mwana yafuate mara tu baada ya hapo, Naibu akiongea kwa mikono yake bila maandishi yoyote ya kufafanua. Tukifika ofisini, mtazamaji awe anajua tayari ni nani amekufa, na Naibu alisema nini juu yake alipokuwa hai.